Kifungu cha Hodi

Nchi ninayotaka kuwasimulia haiko karibu na hapa, kwa hiyo acheni kutazamana. Iko mbali, ng'ambo ya bahari, na kama kuna kiongozi wenu atakayejiona humu, huyo ana lake jambo, mimi simo. Mimi nilizaliwa huko, nikakulia huko, na kodi nalipa huko huko. Naipenda serikali yangu. Nalisema hili mapema kabisa ili baadaye mtu asije akanisingizia.

Zamani nchi yetu haikuwa nchi. Ilikuwa makoloni kumi na matatu ya Mfalme. Mfalme mwenyewe hatukumwona hata mara moja. Alikaa kwao, akatuletea picha yake, magavana na askari. Picha tuliitundika. Magavana tuliwazoea. Shida ikawa askari.

Askari wa Mfalme walikuwa na kambi, tena kambi nzuri ya mawe juu ya kilima, paa la vigae na madirisha ya vioo. Lakini humo Gavana alikuwa ameweka farasi. Farasi wa Mfalme, alisema, wamesafiri sana baharini, vifua vyao ni vyepesi, hawawezi kulala kwenye umande. Basi ikatoka sheria kwamba askari walale katika nyumba za raia. Raia atampa askari wake kitanda, kuni, mshumaa, chumvi, siki, na pombe ya kutosha kumfanya asilalamike. Siki ndiyo iliyotushangaza. Mpaka leo hakuna anayejua askari wale walikuwa wakifanyia nini siki yote ile.

Msije mkadhani tulimwaga damu kwa ajili ya siki. Sisi ni watu wa hodi. Kwetu mtu akifika mlangoni, hata kama mlango uko wazi na mwenye nyumba anamtazama usoni, atasimama nje aseme hodi. Na mwenye nyumba, hata kama yuko katikati ya ugomvi na mkewe na sahani zinaruka, ataitikia karibu. Hodi ya tatu isipojibiwa, mgeni anajua hakuna mtu, anarudi alikotoka. Na ukishamkaribisha mtu, humfukuzi. Unaweza kumnunia. Unaweza kupiga miayo mbele yake, ukafagia mpaka chini ya miguu yake. Lakini neno "ondoka", kulitoa kinywani mwako umwambie mgeni, hilo kwetu halijawahi kusemwa na mtu mwenye akili zake.

Askari wa Mfalme hawakupiga hodi. Walisukuma milango kwa buti.

*

Jirani yangu, ukuta kwa ukuta, alikuwa Bi Sikudhani, mwoka mikate wa mtaa wetu. Alikuwa mjane. Marehemu mumewe hakumwachia mtoto. Alimwachia nyumba yenye ukumbi mpana, tanuri la matofali, na kitanda cha samadari walichonunua walipooana. Nyumba ile ndiyo iliyokuwa dunia yake, na hakuona haya kulisema. "Mimi utajiri sitaki," alikuwa akituambia tukienda kununua mkate. "Nataka nikishafunga mlango wangu, aliyemo ndani niwe mimi."

Akaletewa Sajini Bromli. Huyu alikuwa pande la mtu, mwenye masharubu yaliyoingia kwenye supu kabla ya kijiko. Alikichukua kitanda cha samadari, akalala na buti. Bi Sikudhani akahamia stoo ya unga. Alivumilia. Alitoa kuni, akatoa chumvi, akatoa siki kwa magudulia, na akikohoa unga usiku kucha mimi namsikia upande wa pili wa ukuta, najiambia, huyu mama ana subira.

Subira yake iliishia bafuni. Alikuwa akioga asubuhi, mlango ameurudishia, na Sajini akausukuma kwa buti kama ilivyo kawaida yake, akitafuta mahali pa kunyolea ndevu. Kilichofuata kilionekana na mtaa mzima: Sajini wa Mfalme anakimbia barabarani na suruali ya ndani, na nyuma yake Bi Sikudhani, amejifunga kanga, povu la sabuni masikioni, ameshika beleshi lake refu la kutolea mikate tanurini. Kila hatua anampiga nalo mgongoni. Na kila anapopiga, anauliza: "Hodi inakugharimu nini, mwanamume wewe? Inakugharimu nini?"

Swali hilo halikuwa na jibu, na watu wanapokosa jibu huanza vita. Jioni hiyo hiyo askari watatu zaidi walitolewa nje kwa vyungu vya maji ya moto. Juma lililofuata mji mzima ulikuwa umeandikwa ukutani kwa mkaa: HODI KWANZA. Wakili Sefu Ndimi, ambaye kabla ya hapo alikuwa akitetea wezi wa ng'ombe, alitoa kijitabu kilichosema kwamba mfalme anayeingia bila hodi ni mwizi aliyevaa taji. Kijitabu kilisomwa hata na wasiojua kusoma.

Vita sitavisimulia. Jeshi letu liliongozwa na Jenerali Kibwana Ngome, ambaye alishindwa kila alipopigana, lakini alishindwa kwa heshima kubwa mno, akarudi nyuma kwa mwendo wa kupendeza, mpaka majeshi ya Mfalme yakachoka kumfuata, yakapanda meli, yakaenda zao. Walikufa watu wengi. Wengi wao hawakuwa Waheshimiwa.

*

Sasa nchi ikawa yetu, na nchi inataka katiba. Wajumbe wa majimbo kumi na matatu wakakubaliana kwamba mahali pa kuiandikia ni pale pale uhuru ulipozaliwa, yaani nyumbani kwa Bi Sikudhani. Ukumbi ulikuwa mpana, na mkate ulikuwa karibu.

Walikuja wote pamoja, kofia mkononi, wakasimama nje ya mlango uliokuwa wazi. Jenerali akatangulia. "Hodi," akasema, kwa sauti ya upole kabisa. Na wajumbe wote nyuma yake wakaitikia kwa pamoja, "Hodi, mama, hodi wenyewe."

Watu barabarani tulilia, nawaambia ukweli. Miaka yote ya Mfalme hatukusikia neno hilo kinywani mwa mwenye mamlaka. Bi Sikudhani alitoka na unga mikononi, machozi yakamlengalenga. "Karibuni," akasema. "Karibuni sana, piteni ndani, nyumba ni yenu."

Wakapita.

Jenerali alikagua vyumba, akasimama mbele ya kitanda cha samadari, akakibonyeza. "Samahani sana, mama," akasema. "Mgongo huu ndio uliobeba taifa." Akalala. Wakili Ndimi alichukua chumba cha pili, wengine wakatandaza ukumbini, na Bi Sikudhani akarudi stoo ya unga kwa hiari yake mwenyewe. Tofauti na wakati wa Mfalme iko hapo. Wakati wa Mfalme alilazimishwa.

"Mtakaa siku ngapi?" aliuliza, akitabasamu ili lisionekane swali la ubaya.

"Mbili tatu hivi, mama," akasema Wakili Ndimi. "Kuanzisha nchi si jambo kubwa kama watu wanavyodhani."

*

Miembe ilichanua, ikazaa, maembe yakaliwa, ikachanua tena. Wajumbe walikuwa bado kwenye sentensi ya kwanza.

Sentensi ya kwanza ilisema watu wote wamezaliwa huru. Mimi niliisikia mwenyewe nikiwa nimepeleka kuni, ikasomwa kwa sauti ya kutetemesha, na nyuma ya kila kiti amesimama mtumwa wa mjumbe, mmoja anapepea, mmoja ameshika wino, mmoja ameshika mate ya bwana wake kwenye bakuli. Watumwa wenyewe hawakuitwa watumwa. Waliitwa wasaidizi wa kudumu.

Bi Sikudhani alikuwa akigawa mkate. Akamwonyesha kidole yule aliyeshika wino. "Na huyu je?"

"Huyu nani?" akauliza Wakili Ndimi, akageuka kutazama kama vile kuna mtu ameingia sasa hivi.

"Si mmesema watu wote."

"Mama, hapa 'wote' ni wote tulioketi. Ndiyo maana ya baraza."

Yule msaidizi wa kudumu akatazama kiti kimoja kilichokuwa tupu. Bwana wake akakiwekea kofia. Sentensi ikapita bila kupingwa.

Walikuja pia watu wa misitu, wale waliokuwapo kabla yetu na kabla ya Mfalme, kuuliza ardhi inayogawanywa kwenye ramani ni ya nani. Walipiga hodi vizuri sana, lazima niwasifu. Waliambiwa nchi bado haijakamilika, warudi ikikamilika. Waliporudi imekamilika waliambiwa wamechelewa.

Baada ya hapo ndipo kikaja kile ambacho sote tulikuwa tunakingoja, Kifungu cha Hodi. Jamani, kifungu kile kilijadiliwa. Mjumbe wa kusini alitaka hodi ya serikali iambatane na ngoma, ili raia asiichanganye na hodi ya muuza samaki. Mjumbe wa kaskazini akasema ngoma ni ubeberu. Ikaundwa kamati ya kusikiliza hodi. Wakatoka nje, wakapokezana mlangoni, hodi nene, hodi nyembamba, hodi ya kukohoa kwanza, na Bi Sikudhani jikoni, kwa malezi aliyolelewa, akaitikia karibu kwa kila moja mpaka sauti ikamkauka.

Siku ya kukipitisha Jenerali alisimama juu ya pipa la unga. "Ndugu zangu," akasema, "mataifa mengine yamejengwa juu ya dhahabu. Mengine yamejengwa juu ya panga. La kwetu limejengwa juu ya adabu. Na adabu, ndugu zangu, ni silaha ambayo adui hawezi kuiteka, kwa kuwa hajui ilipo." Watu wakapiga makofi mpaka unga ukatimka. Kisha Wakili akakisoma:

"Mtu yeyote, awe askari, awe afisa, awe Mfalme mwenyewe, hataingia wala kulala katika nyumba isiyo yake pasipo kupiga hodi na kukaribishwa."

Mimi nililia tena. Ninalia upesi mambo ya nchi yakiguswa.

"Kuna kitu kimebaki," akasema Bi Sikudhani.

Alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na beleshi lake. Ukumbi ukanyamaza, maana beleshi lile lilikuwa limeshaandikwa kwenye historia.

"Mmeandika namna ya kuingia," akasema. "Andikeni na namna ya kutoka."

"Kutoka kwa nani?" akauliza Jenerali.

"Kwa mgeni. Andikeni kwamba mwenye nyumba anaweza kumwambia aondoke, na aondoke."

Wakili Ndimi akavua miwani. Alikuwa ameumia kweli kweli. "Mama, sisi si washenzi. Katika mila zetu tukufu mgeni hafukuzwi. Mfalme ndiye aliyekuwa na tabia za kufukuza watu. Unataka tuuandike ufedhuli kwenye katiba, watoto wausome shuleni?"

"Nataka kulala kwenye kitanda changu."

"Kitanda kipi?" akauliza Jenerali.

"Hicho unacholalia, baba."

"Tafadhali, mama. Tusichanganye mambo ya taifa na mambo ya vitanda."

Hoja yake haikupigiwa kura, kwa sababu mwanamke hakuwa na haki ya kutoa hoja, na kwa hiyo ilionekana haikutolewa. Nami kwa kweli nilimwona amekosa adabu kidogo. Mtu umepewa kifungu kizima kwa ajili yako, bado unataka na mkia wake.

Katiba ikatiwa saini mezani kwake, baruti zikalia, ng'ombe wakachinjwa. Asubuhi yake Bi Sikudhani aliamka mapema, akawafungia mikate ya safari. Waheshimiwa wakaila mikate, wakakaa pale pale. Kumbe nchi ikishapata katiba inahitaji Bunge, na Bunge linahitaji nyumba, na hao walikuwa wameshapiga hodi na kukaribishwa. Wakili Ndimi alimsomea kifungu neno kwa neno. Hawakuwa wamekosea hata nukta.

*

Jamhuri ikapata na jeshi. Kambi ya mawe ilikuwapo bado kilimani, lakini Jenerali alikuwa amewekamo farasi. Farasi wa Jamhuri, alieleza, wametoka vitani, vifua vyao ni vyepesi. Basi askari wakalazwa kwetu.

Wenye chuki watasema ni yale yale ya Mfalme. Si kweli hata kidogo. Askari wetu walifundishwa kupiga hodi kabla ya kufundishwa kushika bunduki, na wengine bunduki hawakufundishwa kabisa. Mimi nililetewa Koplo Mshindo. Alisimama mlangoni kwangu amenyooka, akavua kofia, akasema, "Hodi wenyewe," nami nikasema karibu, sasa ningesema nini? Ni kijana mwenye adabu ya ajabu. Aliniomba radhi kabla ya kulala kitandani kwangu. Mke wangu alihamia kwa dada yake, akasema atarudi nikipata akili. Siki bado tunatoa, lakini sasa ni siki ya kwetu, inakwenda kwa askari wa kwetu, na ukiitoa unajisikia tofauti.

Mwaka ule Waheshimiwa wakaenda mapumzikoni, kila mmoja jimboni kwake kupongezwa. Jenerali mwenyewe akaondoka na mto wa kitanda cha samadari kwa ajili ya safari. Na Bi Sikudhani akajikuta yuko peke yake.

Nilimsikia kupitia ukutani. Alisukuma meza mlangoni. Alifua mashuka yote, akayaanika, akatandika, akalala mchana kweupe. Nilimsikia akicheka peke yake. Kisha akaamka akawasha tanuri, akaimba wimbo wa harusi, mwanamke mzima wa umri ule. Sijui kwa nini nilisimama pale ukutani muda wote ule kumsikiliza.

Alasiri wakaja askari. Nyumba yenye nafasi kubwa namna ile isingeweza kukaa bure na nchi ina jeshi.

"Hodi," akasema kiongozi wao.

Kimya.

Hamuelewi maana yake ninyi watu wa huku. Moshi unatoka kwenye dohani, mkate unanukia mtaa mzima, mtu anasikika anakohoa ndani, na hodi imekaa hewani haijaitikiwa. Muuza samaki alitua kapu. Watoto wakaacha mpira. Askari akasema hodi ya pili. Akasema ya tatu. Bi Sikudhani akafungua mlango wa tanuri, tukausikia, akaufunga. Hakusema neno.

Askari wakageuka wakaondoka. Wangefanya nini? Hodi tatu ni hodi tatu, hata katiba inajua.

Kesho yake wakarudi, wakakuta kimya. Siku iliyofuata, kimya. Halafu mke wa fundi viatu naye akanyamaza. Halafu wajane wawili wa mtaa wa pili. Ugonjwa wa kunyamaza ukaingia mjini. Askari wakawa wanalala chini ya mikokoteni, na umande wa kwetu, Mungu wangu, hauna huruma na mtu. Ikapelekwa habari kwa Waheshimiwa kwamba taifa liko hatarini.

*

Wakarudi mbio, vumbi tupu. Wakajipanga mbele ya nyumba ya Bi Sikudhani, Bunge zima juani, maana ukumbi wa Bunge ulikuwa ndani na mlango ulikuwa umefungwa.

"Hodi," akasema Jenerali. "Mama, ni sisi. Ni taifa lako."

Kimya.

"Hodi, mama. Na mto wako nimeurudisha."

Kimya. Akasema ya tatu kwa sauti ya chini sana, hata nilimhurumia. Mtu aliyemshinda Mfalme, anabembeleza mlango wa mwoka mikate.

Hapo ndipo Wakili Ndimi alipoonyesha kwa nini yeye ni Wakili na sisi ni sisi. Alipanda juu ya mkokoteni. "Waheshimiwa," akasema, "tujiulize kwa utulivu. Je, yupo mtu wa nchi hii, aliyelelewa vizuri, ambaye anaweza kuwa nyumbani kwake, akasikia hodi, asiitikie?"

"Hayupo," wakajibu Waheshimiwa.

"Hilo linawezekana katika mila zetu?"

"Haliwezekani."

"Basi Bi Sikudhani hayumo ndani. Na kama hayumo, nyumba haina mtu. Na nyumba isiyo na mtu ni ya nani?"

"Ya Jamhuri."

"Nipo," ikasema sauti ya Bi Sikudhani kutoka ndani.

Waheshimiwa wakatazamana. Wakili akainua mkono. "Kuna aliyesikia karibu?"

"Nipo, nasema. Nipo kwangu, na mtu simtaki."

Wakaniita mimi, kwa kuwa ni jirani wa ukuta kwa ukuta, niseme kweli mbele ya umma kama nimesikia karibu. Nami ni mtu mkweli, siwezi kulitia chumvi jambo la serikali. Nikasema nimesikia "nipo", nimesikia "simtaki", lakini karibu sijaisikia. Wakili akanishukuru kwa jina.

Nyumba ikatangazwa ni mali ya Jamhuri pale pale. Na kwa kuwa mtu hapigi hodi nyumbani kwake, Jamhuri haikupiga. Iliusukuma mlango kwa buti.

Ndani walimkuta Bi Sikudhani amesimama mbele ya tanuri. Jenerali alishtuka, tena alishtuka vizuri, mkono kifuani.

"Mama. Umeingiaje humu?"

"Humu ni kwangu."

"Ulipiga hodi?"

"Nani anapiga hodi kwake?"

"Ulikaribishwa na nani?" akauliza Wakili Ndimi.

Bi Sikudhani aliwatazama mmoja mmoja, wote wale aliowaokea mikate mpaka mvi zikamwota. "Niliwafungulia mlango," akasema. "Niliwalisha. Nililala kwenye unga ili mlale. Sajini Bromli hakuwa na adabu, lakini hakuwahi kuniambia kwamba mimi sipo."

Walimsikitikia sana. Kesi ilisikilizwa hapo hapo mezani, na hakimu akawa Wakili Ndimi, kwa sababu mahakimu wengine walikuwa hawajateuliwa. Mtu wa kwanza kushtakiwa chini ya Kifungu cha Hodi akawa Bi Sikudhani. Alipatikana na hatia ya kuwa ndani ya nyumba isiyo yake pasipo hodi, kosa ambalo, alikumbusha Wakili, watu walikufa vitani ili lisitendeke tena katika nchi hii. Kwa kuzingatia mchango wake katika ukombozi, hakufungwa. Alitolewa nje tu, na askari wawili wenye adabu, wakimshika viwiko. Akapewa na cheo, Mama wa Hodi, kisicho na mshahara.

*

Siku ya pili yake nilimkuta amesimama mbele ya mlango ule. Mchana, jua la utosi. Askari walikuwa wameshaingia, kundi zima, unasikia kete za bao zinagonga na mtu anacheka.

Mtu mwingine angesukuma. Yeye hakuweza. Alijifuta vumbi, akajitengeneza kanga, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hodi."

Kicheko kikakatika ndani. Hakuna aliyeitikia. Askari wetu wamefundishwa, nimeshawaambia. Wanajua kwamba mtu akishakaribishwa hafukuzwi, kwa hiyo wana amri ya kutomkaribisha mtu.

"Hodi," akasema tena. Na ya tatu, "Hodi wenyewe."

Mkate uliotiwa na askari ulikuwa unaungua kwenye tanuri, harufu yake imejaa barabarani. Nikasogea nikamshauri apaze sauti kidogo, huenda hawajamsikia.

"Wamenisikia," akasema. "Kama hawaitikii, si ndiyo nyumba haina mtu?"

Nikamweleza pole pole, kama mtu unavyomweleza mzazi. Ni kweli haina mtu, nikasema, lakini nyumba isiyo na mtu ni ya Jamhuri, na Jamhuri ni wewe mwenyewe, mama, kwa hiyo furahi.

"Basi mbona niko nje?"

Nikamwambia hilo ni swali la kisiasa.

Akanitazama. Ana macho mabaya yule mama akikasirika. "Na wewe," akasema, "kwako siku hizi anaitikia nani?"

Nilimsamehe. Ana uchungu, na mtu mwenye uchungu huropoka. Tena nilikuwa na haraka, nilikuwa nimebeba gudulia la siki, na Koplo Mshindo hapendi nichelewe. Nikamwacha pale anaanza hodi zake upya. Nikafika mlangoni kwangu, nikavua viatu, nikaweka gudulia chini, nikasema hodi.